Kupanda Minara ya Kale ya Italia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa msafiri anayezungumza Kiswahili aliyepanga kutembea Italia na anataka, pamoja na mambo mengine, kuiona miji yake kutoka juu. Wapo wanaotoka nyumbani na viza ya Schengen ya siku chache, wapo wanaoishi Ujerumani au Uholanzi na kukatiza kwa wikendi moja. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo tumeyaweka pamoja.

Nina nafasi ya kupanda mnara mmoja tu. Nipande upi?

Ukifika Florence, panda mnara wa kengele wa Giotto, ule uliosimama ubavuni mwa kanisa kuu. Ukiwa juu yake, kuba la kanisa hilo, alilolijenga Brunelleschi, linakuwa mbele yako, karibu kiasi cha kuwaona watu waliojipanga kileleni mwake na kujua nani amevaa kofia. Aliyepanda kuba lenyewe anauona mji mzima isipokuwa kitu kimoja: kuba. Ameshalikanyaga.

Hilo ndilo ninalowaambia wote wanaoniuliza. Amua kwanza ni jengo gani unalotaka liwemo kwenye picha, kisha panda la jirani yake. Venice, wengi hupanga foleni kwenye mnara wa San Marco, lakini ukivuka maji hadi kisiwa cha San Giorgio Maggiore (ni kituo kimoja tu kwa boti namba 2 kutoka San Zaccaria) unapata mnara wenye lifti, foleni fupi, na San Marco nzima, mnara na kasri na kuba zake, imekaa mbele yako juu ya maji. Lucca, kila mtu anautaka mnara wa Guinigi kwa sababu una miti ya mwaloni iliyoota kileleni. Basi panda mnara wa saa, Torre delle Ore, ulio karibu. Una ngazi 207, na kutoka pale unaiona ile miti ikiwa hewani juu ya mapaa, jambo ambalo aliyeketi chini ya kivuli chake halioni.

Na Pisa? Pisa ni kinyume kidogo, tutaifikia.

Kati ya kuba na mnara wa Giotto, tofauti ni nini hasa?

Mnara una ngazi 414 na kimo cha karibu mita 85. Giotto aliuanza mwaka 1334, akafariki mwanzoni mwa 1337 kabla haujafika mbali. Akaupokea Andrea Pisano, na Francesco Talenti ndiye aliyeumaliza mwaka 1359. Uzuri wake kwa mpandaji ni kwamba una vituo njiani: unapanda, unatokea kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa, unapumua, unaangalia, unaendelea. Mtu aliyechoka anaweza kuishia kituo cha pili na bado akawa ameona kitu cha maana.

Kuba ni jambo jingine. Ngazi ni 463 na vituo ni vichache. Brunelleschi alilijenga kati ya 1420 na 1436 bila kuweka jukwaa la miti kutoka chini, na alilijenga kwa magamba mawili, moja ndani ya jingine. Wewe unapita katikati ya magamba hayo. Kuta zinaanza kuinama upande mmoja, nawe unajikuta umeinama nazo. Kwenye sehemu ambazo ukuta uko wazi, tazama matofali: hayakulazwa mstari mmoja, mengine yamesimamishwa na kupishana kama msuko wa ukili, ili yashikane yenyewe wakati chokaa bado mbichi. Ndiyo siri ya kazi ile. Kabla ya hapo unapita kwenye kijia cha ndani kilicho chini kidogo ya michoro ya Siku ya Hukumu ya Vasari na Zuccari, na ukiwa karibu hivyo unagundua kwamba mashetani yale yalichorwa kwa brashi nene na haraka, maana yalikusudiwa kuonwa kutoka sakafuni.

Kwa mandhari, mnara. Kwa kuelewa jengo lilivyojengwa, kuba. Mwenye miguu ya kijana afanye vyote, lakini si siku moja.

Ukishashuka, zunguka nyuma ya kanisa. Kuna duara la marumaru nyeupe limechongwa kwenye lami ya mawe. Hapo ndipo lilipoangukia tufe la shaba la kileleni mwaka 1601, lilipopigwa na radi usiku. Watu hulikanyaga kila siku wakitafuta aiskrimu.

Je, kuna mahali Florence ambapo nitaona kuba na mnara kwa pamoja?

Ndiyo, mnara wa Arnolfo ulio juu ya Palazzo Vecchio, jumba la kale la baraza la mji, wenye kimo cha takriban mita 95. Njiani utapita chumba kidogo cha mawe kilichokuwa mahabusu. Cosimo de' Medici, tajiri wa benki, alifungiwa humo mwaka 1433, na mhubiri Savonarola mwaka 1498. Cosimo alitoka akaja kuutawala mji. Savonarola alitoka akachomewa uwanjani chini. Mvua ikinyesha mnara hufungwa, hivyo angalia hali ya hewa kwanza.

Mama yangu ana miaka karibu sabini na magoti yanamsumbua. Akae chini atungoje?

Asikae chini. Italia ina minara ya kale yenye lifti, ila hakuna anayewaambia wazee. Mpeleke Venice: San Marco ina lifti hadi kwenye kengele, na San Giorgio vilevile. Verona kuna Torre dei Lamberti, mita 84, mnara ulioanza kujengwa mwaka 1172. Vijana wapande ngazi zake 368, mama apande lifti, mkutane huko juu. Milan, lifti inampandisha hadi kwenye paa la kanisa kuu, na paa lile ni eneo la kutembea kati ya mamia ya masanamu, si kilele cha kusimama dakika tano ukashuka.

Kwenye kuba la Mtakatifu Petro, Vatikani, kuweni waangalifu na neno lifti. Lifti ipo, lakini inaishia kwenye paa. Kutoka hapo zimebaki ngazi 320 za kwenda juu kabisa, kati ya 551 za safari nzima, na za mwisho ni nyembamba mno. Mama anaweza kubaki kwenye paa lile kwa raha zake, akaviona vichwa vya masanamu ya mitume kwa nyuma na kunywa kahawa, kwani huko juu kuna mkahawa.

Jambo moja ambalo wagonjwa wa magoti hulisahau: kushuka ndiko kunakoumiza. Kupanda kunamaliza pumzi, na pumzi hurudi. Kushuka ngazi mia nne kunagonga goti mara mia nne. Mwenye presha, pumu au ugonjwa wa moyo asijipe moyo kwamba atapumzika njiani. Kwenye ngazi za mzunguko nyuma yako kuna watu thelathini, na hapana pa kuketi.

Ngazi mia nne ni nyingi kiasi gani?

Kila ghorofa la kawaida lina ngazi kama 18. Kwa hiyo mnara wa Giotto ni ghorofa la 23 siku ambayo lifti imekufa. Torrazzo ya Cremona, mnara wa matofali wenye mita 112, una ngazi 502, yaani karibu ghorofa la 28. Ukiweza kupanda ghorofa kumi bila kusimama, utafika, hata kama utafika umenyamaza.

Ninaogopa kuwa juu. Nijaribu?

Inategemea unachoogopa. Wengi wanaosema wanaogopa urefu, wakifika juu wanakuta ukuta wa kifuani na nyavu za chuma, na wanatulia. Kinachowashinda ni njiani: ngazi za mawe zinazozunguka, ukuta bega la kulia, ukuta bega la kushoto, na mtu anashuka wakati wewe unapanda. Kama unabanwa na sehemu finyu, kuba la Florence litakutesa zaidi kuliko mnara wowote.

Lakini kama ni urefu wenyewe, epuka Pisa.

Kwa nini niepuke Pisa?

Kwa sababu mwili wako utagundua kabla ya macho yako. Ngazi zinazunguka ndani ya ukuta wa silinda, na kwa kuwa mnara umelala, nusu ya mzunguko unahisi unasukumwa ukutani na nusu nyingine unahisi unapanda bila nguvu, kana kwamba mtu anakuvuta. Angalia vidato vya marumaru: vimelika bondeni, na bonde lile halikai katikati, linahama kushoto na kulia kadiri unavyozunguka, kwa sababu kwa mamia ya miaka watu wote wamekuwa wakipepesuka mahali pale pale. Kwangu mimi hicho kidato kilicholika ndicho kitu cha thamani kuliko vyote mnarani. Huko juu mandhari ni ya kawaida tu, maana mnara wenyewe hauuoni.

Anayetaka picha ya uwanja wote apande ukuta wa kale wa mji. Mlango wake uko kwenye mnara mdogo wa Santa Maria, kando kabisa ya uwanja, na unatembea juu ya ukuta kimo cha kama mita 11, ukiona kanisa, nyumba ya ubatizo na mnara uliolala kwa mtazamo mmoja. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na takriban yuro 20 za mnarani.

Huo mnara wa Pisa si utaanguka siku moja? Ni salama kweli?

Leo ni salama kuliko ulivyokuwa babu zetu walipokuwa wadogo. Ujenzi ulianza mwaka 1173, na walipofika ghorofa la tatu ardhi laini ya upande wa kusini ikaanza kuzama. Vita na mambo mengine vikasimamisha kazi kwa karibu miaka mia moja, na kusimama huko ndiko kulikouokoa, kwani udongo ulipata muda wa kukaza. Waliorudi kazini mwaka 1272 walijaribu kuunyoosha kwa kujenga ghorofa za juu zikiegemea upande wa pili. Ndiyo maana ukiutazama vizuri hauko kama fimbo iliyoinama, una mkunjo mdogo.

Mwezi Machi 1989, mnara mwingine wa kale, wa mji wa Pavia, uliporomoka ghafla na kuua watu wanne. Italia ikaingiwa na hofu, na tarehe 7 Januari 1990 Pisa ikafungwa. Wataalamu walifunga mamia ya tani za madini ya risasi upande wa kaskazini kama uzito wa kusawazisha, kisha wakafanya jambo la busara zaidi: walitoboa na kutoa udongo kidogo kidogo chini ya upande ulioinuka, mnara ukarudi wenyewe taratibu. Mwinamo ukapungua kwa karibu nusu nyuzi, yaani kileleni ulirudi nyuma kama sentimita 45. Ukafunguliwa tena tarehe 15 Desemba 2001. Wangeweza kuunyoosha zaidi, lakini nani angelipa nauli kwenda Pisa kuona mnara ulionyooka?

Bologna je? Nimeona picha za minara miwili iliyoinama.

Hapa ndipo watalii wengi wanapofika na matarajio ya zamani. Kwa miaka mingi Asinelli, mnara wa mita 97 wenye ngazi 498 za mbao, ulikuwa ndio mnara wa kupanda Bologna. Wanafunzi wa chuo kikuu hawakuupanda kabla ya kumaliza, wakiamini kwamba atakayeupanda hatapata shahada. Lakini tatizo liko kwa jirani yake, Garisenda. Huo una mita 48 tu, na ni mfupi kwa sababu katika karne ya 14 walilazimika kuukata, ulikuwa unainama vibaya. Dante aliuona kabla haujakatwa na akautaja katika shairi lake la Jehanamu, akilinganisha jitu linaloinama na mnara huo wingu linapopita juu yake.

Oktoba 2023 vyombo vya kupimia vilionyesha kwamba Garisenda unacheza kwa namna isiyo ya kawaida. Mawe ya chini yake ni ya jasi, na jasi huliwa na maji na moto, na vyote viwili vimewahi kupita pale. Eneo lote likazungushiwa uzio, na kwa kuwa Asinelli uko hatua chache tu, nao ukafungwa. Mwaka uliofuata ulitangazwa mpango wa kutumia vyuma vilevile vilivyosaidia kuushikilia mnara wa Pisa. Kazi ya namna hii ni ya miaka. Kwa hiyo ukikuta makala ya zamani inakuambia upande Asinelli wakati wa machweo, jua imepitwa na wakati.

Ukiwa Bologna, nenda mnara wa saa wa Palazzo d'Accursio kwenye uwanja mkuu. Si mrefu sana, lakini unauona mji mwekundu wote, na minara miwili ikiwa imesimama pembeni, mmoja ukiuegemea mwingine kwa macho.

Kwa nini Waitaliano walijenga minara mingi hivi? Walikuwa na kengele ngapi?

Mingi haikuwa ya kengele. Ile ya makanisa ilikuwa ya kengele, na ile ya mabaraza ya miji ilikuwa ya saa na ulinzi, lakini ile myembamba isiyo na mapambo unayoiona Bologna, Lucca na San Gimignano ilijengwa na koo za matajiri. Ukoo ulijenga mnara ili kujihifadhi ugomvi ukizuka mjini, na zaidi ya hapo ili jirani ajue nani ni nani. Jirani naye akaongeza wake. Chumba ndani kilikuwa kidogo, baridi, cha kupanda kwa ngazi za mbao, na hakuna aliyekaa humo kwa starehe. Ni fedha iliyosimamishwa wima.

Ilifika mahali serikali za miji zikachoka. Florence mwaka 1250 iliamuru minara ya watu binafsi ipunguzwe isizidi dhiraa 50, yaani kama mita 29. Ndiyo sababu leo ukitembea katikati ya Florence unaona nyumba ndefu za mawe zenye vichwa vilivyokatwa: ni minara. San Gimignano, kimji kidogo kilichofifia baada ya tauni ya 1348, hakikuwa na fedha za kubomoa wala kujenga upya, na umaskini huo ndio uliokihifadhi. Mapokeo yanasema ilikuwa 72, leo imebaki 14. Panda Torre Grossa, mita 54, uitazame mingine.

Siena ina kisa cha jamii hiyohiyo, ila cha mji mzima. Mwaka 1339 walitaka kulikuza kanisa kuu hadi lile lililopo liwe kipande cha pembeni tu. Walijenga ukuta wa mbele wa kanisa jipya, tauni ikaja, fedha na watu vikaisha. Ukuta ule umebaki peke yake, mrefu, hauna kanisa nyuma yake, unaitwa Facciatone, na unaruhusiwa kupanda juu yake. Unapita ngazi finyu ya mzunguko, unatokea kwenye ukingo mwembamba, na mbele yako kuna uwanja wa Campo na Torre del Mangia. Mangia yenyewe ina ngazi kama 400 na mita 87 za ujenzi, na ni mnara mzuri sana. Lakini mkinilazimisha, nachagua ukuta uliokwama.

Niende saa ngapi?

Usiulize saa tu, uliza jua liko wapi. Florence, kuba liko mashariki ya mnara wa Giotto, hivyo asubuhi jua linakupiga machoni na kuba linatoka jeusi kwenye picha. Nenda alasiri, matofali yanawaka. Siena kwenye Facciatone pia ni alasiri. Juu ya Mangia ni afadhali asubuhi, kwa sababu unatazama Campo jua likiwa mgongoni. San Giorgio wa Venice unatazama kaskazini, kwa hiyo karibu saa zote zinafaa.

Julai na Agosti ngazi za ndani ni jiko. Panda mlango unapofunguliwa.

Tiketi nakata pale mlangoni?

Minara midogo, ndiyo. Kuba la Florence, sahau: lazima uchague siku na saa kwenye tovuti rasmi, na wakati wa msimu nafasi huisha siku kadhaa kabla. Tiketi yake, takriban yuro 30, huandikwa jina, kwa hiyo beba pasipoti. Hiyohiyo inakuingiza mnara wa Giotto, nyumba ya ubatizo na makumbusho kwa siku tatu, na makumbusho yale ni mazuri kuliko wengi wanavyodhani. Pisa nako ni kwa zamu. Begi, hata pochi ya mkononi, unaiacha kwenye chumba cha mizigo kabla hujaruhusiwa kupanda, fika mapema kwa ajili hiyo.

Watu walioko Malindi na Watamu wana faida hapa. Kiitaliano walichokiokota kwa wageni wa ufukweni kinafungua milango mingi, hata kama kimechanganyika.

Kwa nini wanahesabu watu wanaoingia? Mbona juu kuna nafasi?

Juu ipo, kwenye ngazi haipo. Mfano wa kutisha haukutokea Italia bali Delhi. Tarehe 4 Desemba 1981 taa zilizimika ndani ya Qutb Minar, watu wakakanyagana gizani, na 45 wakafa, wengi wao watoto wa shule. Ngazi zile hazijafunguliwa tena kwa wageni. Kwa hiyo mlinzi akikuambia ungoje, ngoja.

Naweza kupanda na watoto?

Pisa hawaruhusu mtoto wa chini ya miaka 8, na hawabembelezeki. Mnara wa Arnolfo unawakataa walio chini ya miaka 6. Kwingine ni hiari yako, lakini mtoto wa mgongoni ni shida: kwenye ngazi finyu kichwa chake kinakuwa upande usiouona, na ukuta ni wa mawe. Kigari cha mtoto kinabaki chini. Wa miaka tisa au kumi wanapanda vizuri kuliko baba zao.

Mavazi?

Tiketi nyingi za minara zinakwenda pamoja na kanisa, na kanisani mabega na magoti hufunikwa. Kanga moja ndani ya begi inamaliza tatizo la mama na la binti. Hijabu na buibui havina shida yoyote, ila buibui refu lishike pindo kwenye ngazi za mzunguko, hasa unaposhuka, kwani anayekufuata nyuma anaweza kulikanyaga. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli inayoshika. Marumaru iliyolika huteleza hata ikiwa kavu. Ndala ziache hotelini.

Mnara wa San Marco ni wa kale kweli? Nimeambiwa ni mpya.

Wote wamesema kweli. Wa kale, ambao Galileo aliutumia mwaka 1609 kuwaonyesha wakuu wa Venice darubini yake, uliporomoka asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902. Nyufa zilikuwa zimeonekana mapema na uwanja ukaondolewa watu, hivyo hakufa mtu, ila inasimuliwa kwamba paka wa mlinzi alikufa. Baraza la mji likaamua ujengwe ulivyokuwa na pale ulipokuwa, ukazinduliwa tarehe 25 Aprili 1912. Katika kengele zake tano, kubwa kuliko zote, Marangona, ndiyo pekee iliyonusurika. Ikipigwa ukiwa juu, ziba masikio, si utani.

Huku kwetu hakuna minara ya kupanda?

Ipo, na ni aibu kwenda Pisa kabla ya kufika Kampala. Msikiti mkuu wa taifa ulio kwenye kilima cha Old Kampala una mnara ambao wageni wanaruhusiwa kupanda, ngazi kama mia tatu, na kutoka kileleni unavitambua vilima vya mji kimoja kimoja, na barabara zikishuka kutoka kilimani kwenda pande zote. Si wa kale kama hii ya Italia, lakini mandhari yake hayana deni. Wanawake huazimwa mtandio na vazi la kujifunika pale pale. Nairobi kuna paa la KICC, jengo la mikutano la 1973.

Zanzibar ndiko kunakouma. Beit el Ajaib ya mwaka 1883 ilikuwa na baraza za juu zilizotazama Forodhani na bandari. Mnara wake wa kwanza, uliosimama mbele ya jumba, uliharibiwa na mizinga ya Waingereza mwaka 1896, ukajengwa mwingine ukiwa umeunganishwa na jumba lenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara huo, na watu wawili wakafa. Ukisikia Waitaliano wamefunga mnara miaka na miaka kwa ajili ya ukarabati, kumbuka hilo kabla hujalalamikia nauli yako.

Naona watu wameandika majina ukutani. Nami naweza kuacha langu?

Usithubutu. Sheria ya Januari 2024 imepandisha faini: kuchafua mali ya kale ni kati ya yuro 10,000 na 40,000, kuiharibu ni hadi 60,000. Wasimamizi wa mnara wa Giotto, baada ya kusafisha kuta zao, mwaka 2016 waliweka vishikwambi ambapo mgeni aliandika jina lake kwenye kioo, nao wakalihifadhi. Droni nayo usiirushe. Katikati ya miji hii haziruhusiwi bila kibali.

Huko juu kuna choo?

Hakuna. Malizia mambo yako chini. Ingia baa yoyote, agiza kahawa ukiwa umesimama kaunta, kwani ukiketi mezani bei inaweza kuzidi maradufu, na choo utaonyeshwa.